Mwalimu Aliyempandisha Mnyoo Gari Moshi

Mwalimu wetu aliogopa kuku. Nalisema hili mwanzo ili mtu asije akadhani nataka kumfanya malaika. Kuku yeyote akiingia darasani, hata kama ni tetea mnyonge asiye na manyoya shingoni, Mwalimu alikuwa anapanda juu ya kiti na kutuambia kwa sauti ya upole, "Haya watoto, msindikizeni mgeni." Wavulana walilijua hilo. Siku ya hesabu ngumu hukosi kukuta punje za mtama zimemwagwa mlangoni.

Lakini mtu huyo huyo nge alimshika kwa mkia, akamgeuza tumbo juu atuonyeshe miguu yake, akamtoa nje kwa heshima kama anamrudisha kwao.

Alikuja kwetu Nachingwea kutoka pwani ya Mikindani, miaka ile Skimu ya karanga, yale mashamba makubwa ya Waingereza, ilipokwisha kuvunjika na matrekta yakabaki yamelala porini kama ng'ombe wagonjwa. Shule yetu ilikuwa ya vyumba viwili, na madawati yake yalitengenezwa kwa mbao za masanduku ya Skimu. Langu lilikuwa na maandishi ya Kizungu ambayo hakuna aliyeyaelewa, nami nilikuwa najidanganya kwamba yanasema jina langu.

Mwalimu alivaa viatu vilivyokatwa kwenye tairi la trekta, na kaptura ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama peke yake. Mfukoni alikuwa na chaki. Akiwaza alijikuna nayo sikioni, kwa hiyo sikio lake la kulia lilikuwa jeupe wiki nzima. Wageni walidhani ni ugonjwa.

Alikuwa mkali. Nisiseme uongo, fimbo yake niliionja, kwa ajili ya kuchelewa. Na yeye mwenyewe alikuwa anachelewa! Saa hakuwa nayo, alikuwa anaangalia kivuli cha mlingoti wa bendera, na siku za mawingu shule ilianza alipopenda yeye. Ukimwambia, anajibu, "Mimi sichelewi. Mimi nacheleweshwa na jua." Kuogelea hakujua, mtu wa pwani mzima. Tulipomuuliza alisema baharini yeye aliishia magotini, kwa kuwa vitu vyote alivyovipenda vilikuwa hapo magotini, matopeni.

Ndipo tunafika kwenye mnyoo.

Juu ya kabati la darasa kulikuwa na chupa ya jemu iliyojaa spiriti, na ndani yake amelala mnyoo wa baharini. Alikuwa mnene kama kidole cha mtu, rangi ya maziwa yaliyoingia majivu. Ngozi yake ilikuwa na mistari ya kwenda chini na mistari ya kukatiza, visanduku visanduku, sawasawa na ganda la karanga. Mwalimu alituambia kwamba wataalamu wa viumbe humwita mnyoo wa karanga, kwa sababu akijikunja anafanana nayo kabisa.

Mvulana mmoja wa nyuma akadakia, "Kumbe hata mnyoo naye aliajiriwa Skimu!"

Mwalimu alicheka mpaka akaketi. "Aliajiriwa," akasema, "ila yeye kazi yake haijaisha."

Mimi nilikuwa darasa la tatu, nimekaa mbele kwa sababu ya ufupi. Niliitazama ile chupa nikainua mkono. "Mwalimu, mbona hana kichwa?"

"Usiseme hana. Sema sijakiona."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake kwa kila kitu. Ukisema kalamu hakuna, anakuambia sema sijaiona. Ukisema huwezi hesabu hii, sema bado. Mama mmoja alipokuja kulalamika kwamba mwanawe hana akili, Mwalimu alimsahihisha vivyo hivyo, na yule mama akaondoka anacheka.

Kutueleza kichwa kilipo alitoa soksi. Alikuwa na soksi moja tu, ya kijivu, wala sikuwahi kuiona mguuni. Aliirudisha ncha ya soksi ndani yake, kama unavyogeuza mkono wa shati. "Huyu ana mkonga mwembamba mbele, na mdomo uko kwenye ncha ya mkonga. Akiogopa anauvuta wote ndani ya mwili wake. Akitulia, anaubana mwili wake uliojaa maji, maji yanasukuma, mkonga unatoka." Akaisukuma ncha ya soksi kwa kidole, taratibu, ikachomoza. "Na kwenye mdomo kuna vinyama vidogo laini, vimezunguka kama ua la alizeti. Huyu wa kwenye chupa alikufa kwa hofu, akafa amejificha. Hana mfupa hata mmoja. Hana pingili kama nyungunyungu wa shambani. Anakaa kwenye mchanga wenye matope, katikati ya majani ya bahari, mahali ambapo maji yakipwa unaweza kutembea. Anameza mchanga, anachukua chakula kilichomo, mchanga anautoa."

"Anautolea wapi, Mwalimu?"

Hapo akajikuna sikio kwa chaki. "Utumbo wake unashuka mpaka mkiani. Ukifika, haupiti. Unageuka. Unapanda tena juu, umejisokota na ule ulioshuka kama kamba, na tundu la kutolea uchafu liko huku juu, mgongoni, karibu na shingo."

Darasa lilivunjika. Mmoja alianguka toka kwenye dawati.

"Mwalimu! Anajisaidia shingoni?"

"Nyamazeni. Wewe ukiwa na nyumba ndefu yenye mlango mmoja, choo utakijenga wapi? Kule ndani kabisa, chumbani? Si karibu na mlango? Basi naye amekaa shimoni, mlango uko juu. Mungu hakukosea."

Niliipenda habari hiyo kuliko habari zote nilizowahi kusikia. Nilirudi nyumbani mbio nikiirudia njia nzima. Mimi ni mtu wa ndoto, hata sasa. Nilijiona nimesimama ndani ya bahari, maji magotini, minyoo wananichungulia kwa maua yao.

Nyumbani nilimkuta Mjomba, kaka yake mama. Kwetu sisi Wamwera mtoto ni wa mjomba. Baba anakupenda na kukulisha, lakini neno la kwamba utasoma au hutasoma, utaolewa au utangoja, hilo ni la Mjomba. Na Mjomba alikuwa na neno tayari. Wasichana wa rika langu pale mtaani walikuwa wameshachezwa unyago na kuacha shule mmoja baada ya mwingine. Mimi nilibaki kwa sababu Mwalimu alikwenda kumwomba mwenyewe, na Mjomba alimheshimu, maana waliswali msikiti mmoja. Kwa hiyo nilikuwa nasoma kama mtu aliyekalia kiti cha kuazima.

Nikamweleza Mjomba yote, soksi, mkonga, shingo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hayo amewaambia Mwalimu?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Kwa mdomo wake? Kwamba Mwenyezi Mungu ameumba kiumbe choo chake kiko shingoni?"

Kesho yake alikuja shuleni na koti lake la sikukuu. Mwalimu alitoka barazani, wakasalimiana kwa kirefu, habari za nyumbani, habari za mashamba, habari za afya ya mkeo. Sisi tulikuwa tumejibanza dirishani.

"Mwalimu," akasema Mjomba, "mimi kusoma sijui. Kwa hiyo mtoto akiniambia moja na moja ni mbili, namkubalia kwa kuwa umesema wewe. Akiniambia dunia ni mviringo, namkubalia kwa kuwa umesema wewe. Sasa hili la mnyoo limenishinda. Mtu akidanganya katika mnyoo, na mengine nitayajuaje?"

"Sikudanganya, Mzee. Yupo kwenye chupa, nikuletee."

"Nimesikia hana kichwa, na huko shingoni hakuonekani kitu. Chupa ya namna hiyo hata mimi naweza kuweka kipande cha utumbo wa mbuzi nikasema ni malaika."

Tulicheka dirishani. Mwalimu naye alicheka, ila sikio lake la kushoto, lile lisilo na chaki, lilikuwa limebadilika rangi.

"Nikimleta akiwa hai?"

"Ukimleta hai, nikaona kichwa kwa macho yangu, na nikaona huo utumbo unavyogeuka, mtoto atasoma mpaka achoke yeye. Usipomleta, baada ya likizo hii ndogo haji tena. Na usinikasirikie, Mwalimu. Wewe ni mtu wa maji, una utani mwingi."

"Sikukasirikii, Mzee. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekuweka mbele."

Likizo ilipofika Mwalimu alipanda gari moshi kwenda Mtwara, na toka huko akaenda kwao Mikindani. Mimi siku zile sikula vizuri. Mama alinipa kazi zote za nyumba ili nisiwaze, na mimi niliwaza huku natwanga. Nilimwomba Mungu ampe Mwalimu maji ya kupwa. Sikujua kama maji hupwa kila siku. Nilidhani ni bahati.

Alirudi Ijumaa asubuhi. Nilikuwa stesheni nangoja tangu jua halijachomoza vizuri. Alishuka amekumbatia debe lililofunikwa gunia bichi, kaptura imelowa chapachapa, ananuka bahari, ingawa mimi harufu ile sikuijua wakati ule, nilidhani ni Mwalimu hajaoga. Alinieleza kwamba mkagua tiketi alimsumbua njia nzima.

"Alisema, 'Samaki hao?' Nikamwambia si samaki. 'Nyoka?' Si nyoka. 'Basi nini?' Nikamwambia ni mtihani wa darasa la tatu. Akaniacha."

Nyumbani kwa Bibi, mama yake mama, palikuwa karibu na stesheni, na Mjomba naye alikuwa anashinda pale siku za Ijumaa baada ya swala. Mwalimu aliliweka debe kivulini barazani, akafunua tuone. Chini kulikuwa na mchanga wa matope, juu maji ya bahari, na minyoo kadhaa wamejikunja, karanga tupu. "Asiwaguse mtu mpaka turudi kutoka msikitini," akasema, akaenda kuoga kwake. Mimi nikatumwa dukani kununua sukari ya kumkaribishia.

Sasa Bibi yangu. Bibi Kiswahili alikijua cha salamu na cha sokoni tu, mengine yote kwa Kimwera. Alikuwa na huruma ya kupita kiasi, akikuta mdudu kwenye kuni anamtoa kwanza ndipo awashe. Alikaa na wale wageni barazani, akawatazama, akachovya kidole kwenye maji akaonja. Akatema. Chumvi! Na yananuka! Viumbe wametoka mbali hivyo, wamepanda gari moshi, halafu wanyweshwe uchungu namna ile? Kwetu Nachingwea mgeni anapewa maji kabla ya kuulizwa jina lake, na maji mazuri ni ya kuyaendea mbali. Bibi alikuwa na mtungi wake wa maji ya kisima kirefu, yale ya kunywa, baridi, matamu. Akayachota yale ya chumvi yote, akawamiminia minyoo maji yake mwenyewe.

Niliporudi na sukari nilimkuta anatabasamu. "Wameshiba," akaniambia kwa Kimwera. "Ona walivyonona."

Walikuwa wamevimba. Kila mmoja alikuwa kama kidole cha mtu aliyeumwa na nge, ngozi imetanda mpaka visanduku vyake vimefutika. Mmoja alikuwa amekwisha kupasuka.

Sikulia. Nilipiga kelele tu, sijui nilisema nini. Mwalimu alikuwa njiani kwenda msikitini na kanzu yake nyeupe, akasikia, akakimbia, mtu mzima na kanzu barabarani. Alipiga magoti kwenye debe. Nilitazama uso wake nikaona shule yangu inakwisha pale pale, kwa maji ya kunywa.

Kisha akamgeukia Bibi, na nilidhani atafoka, maana nilimjua. Akasema taratibu, "Mama, yale maji yangu umeyamwaga wapi?"

Nikamtafsiria. Bibi alishangaa, karibu akasirike. Mali ya mtu inamwagwaje? Akaingia ndani akatoka na chungu kimefunikwa ungo. Maji ya bahari yote yalikuwa mle. Ameyahifadhi ili mwenyewe aondoke nayo.

Mwalimu alikumbatia kile chungu. Wallahi alikikumbatia. Akawarudisha wale wazima katika maji yao, kidogo kidogo, akasema miili yao haina uwezo wa kuzuia maji, ikiwekwa katika matamu inayanywa mpaka inaharibika. Wengine walikuwa wamekufa. Wawili watatu walianza kusinyaa, mistari ikarudi kwenye ngozi.

Mjomba alirudi kutoka msikitini akatukuta tumechutama. Akaketi kwenye kigoda bila kuuliza. Mwalimu akatandaza kanga ya Bibi juu ya nusu ya debe kufanya kivuli, akatuambia tusitikisike. Tulingoja mpaka Mjomba akaanza kusafisha koo lake.

"Sasa, Mwalimu."

"Subira, Mzee."

Ndipo karanga moja ikasogea. Ilirefuka, ikawa nyembamba mbele, na kitu kikaanza kutoka ndani yake, kinajifunua, ndani inakuwa nje, nje inakuwa ndani, soksi ile ile lakini hai. Mkonga ukapapasa mchanga. Kwenye ncha yake pakafunguka ua dogo, rangi isiyo na jina, ya mawingu labda, likaokota chembe za mchanga na kuzila. Bibi alishika mdomo. Mjomba aliinama mpaka kofia yake ikagusa ukingo wa debe.

"Subhanallah," akasema. "Kumbe unacho kichwa, bwana."

Alimsemesha mnyoo. Ua likaruka ndani, karanga ikabaki karanga.

"Umemtisha," akasema Mwalimu.

"Na huo utumbo?"

Mwalimu alichukua wembe na mmoja wa wale waliokufa, akamlaza kwenye jani la mgomba na kumpasua kwa urefu. Maji yenye rangi ya waridi yakatoka kwanza. Halafu tukauona, mrefu kuliko mnyoo mwenyewe mara nyingi, unashuka, unageuka, unapanda umejisokota kama kamba ya katani. Mjomba aliufuata kwa kijiti, yeye mwenyewe, polepole, kama mzee anayesoma msahafu. Kijiti kilishuka mkiani, kikapanda, kikaishia mgongoni karibu na shingo. Akarudia tena toka mwanzo.

Bibi alikuwa amejitenga, anafuta macho kwa pindo la kaniki. Alikwisha kufahamu kwamba wamekufa kwa mkono wake. Mwalimu akaniambia, "Mwambie mama, bila yeye ndani tusingeona. Mimi nisingekuwa na moyo wa kumuua hata mmoja." Nilipomtafsiria, Bibi alisema kwamba mtu wa pwani huyu ana mdomo mtamu kuliko maji yake.

Mjomba alisimama, akanyoosha koti. "Mtoto atasoma," akasema. Akaongeza kwa sauti ya utani, "Lakini nyie watu wa maji, kumbe majirani zenu ndio hawa. Sasa naelewa kwa nini mmehamia huku."

Minyoo wazima Mwalimu hakuwatia kwenye spiriti. Jumapili aliwakabidhi kwa mchochea moto wa gari moshi, kijana wa Mikindani, awarudishe matopeni. Mtu mwingine angeona ni wazimu. Kama walifika, sijui. Kwamba hawakufika, sijasikia.

Nimesoma mpaka darasa la sita, si haba kwa msichana wa kwetu. Mwalimu alihamishwa kabla sijamaliza. Nilisikia habari zake vipande vipande. Mtu mmoja wa kijiji cha Kiegei aliniambia amegombana na wenzake kwa sababu ya mpira wa miguu, na nilisadiki, maana katika mpira alikuwa na roho mbaya kabisa, goli la wapinzani alikuwa anadai hakuliona. Mwingine alisema amejifunza kupanda baiskeli uzeeni na ameivunja.

Mwaka huu nilikwenda Ruangwa kumwangalia dada yangu aliyejifungua. Nikaambiwa Mwalimu wangu yupo, anafundisha shule mpya kwenye njia ya Mbekenyera. Nikaenda kwa miguu, nikapiga hodi. Nilimwona amekonda, nywele zimekuwa nyeupe, sasa zimefanana na sikio. Darasani kulikuwa na wasichana benchi mbili nzima. Nilizitazama zile benchi kabla sijamwamkia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Sauti ilikuwa imekauka kwa mafua, inatoka kama kwenye tundu la sindano. Akanipa chaki. "Umefika wakati mzuri. Leo ni mnyoo wa karanga, na mimi sina sauti. Waeleze."

"Mimi, Mwalimu? Bahari yenyewe bado sijaiona."

"Wao je, wameiona?"

Nikachora. Mnyoo ni rahisi kuchora. Nikaeleza mkonga, nikaeleza ua, nikaeleza shimo lake kwenye mchanga. Nilikuwa naushusha utumbo kuelekea mkiani nilipoona mwanamume amesimama mlangoni, jembe begani, vumbi la njia ya Narung'ombe mpaka kifuani.

"Samahani, Mwalimu," akasema. "Nimemjia mtoto. Ufuta umekauka, tusipoukata leo unapasuka wote."

Msichana mmoja wa benchi ya mbele akaanza kukusanya vitu vyake bila kuinua macho. Niliujua mwendo ule wa mikono. Mwalimu sauti hakuwa nayo. Mimi nikaendelea tu, sikujua la kufanya jingine. Nikaufikisha utumbo mkiani, nikasema, "Hapa haupiti. Unageuka."

"Unageuka kwenda wapi?" akauliza yule baba.

Nikaupandisha kwa chaki, umejisokota, mpaka shingoni. Nikamwambia. Wasichana wakaangua kicheko. Yule baba alishusha jembe chini, akaegemea mpini, akautazama ubao.

"Shingoni," akasema. "Kwa nini?"

Binti yake alikuwa amekwisha fika mlangoni.

"Kaa," baba akamwambia. "Amalize kwanza. Ufuta utapukutika kidogo, ndege nao wale."

Mwalimu akageuza uso dirishani, akawa anakohoa, kikohozi kirefu kuliko mafua aliyokuwa nayo.